Anande na Albamu ya Makaburini

Mimi nimeimba sauti ya pili nyuma ya Anande miaka kumi na mmoja, kwa hiyo msinieleze habari zake. Alikuwa mjane, mkulima wa kahawa na migomba kule juu ya Nkoaranga, na alipenda kitu kimoja tu duniani: kuongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika wetu. Hata mwaka kahawa ilipokosa bei kabisa, alikuja mazoezini na njaa yake, lakini joho limepigwa pasi.

Miaka ile ya soko huria, kila mwenye kompyuta pale Arusha mjini alifungua studio. Mmoja wao alikuwa Abdiel, Mchaga aliyesoma Ufini akarudi na nywele ndefu na muziki alioita metali ya kigothiki. Sisi tuliitikia tu. Alisema albamu yake inataka magitaa ya kukwaruza, matarumbeta mengi, na mwanamke mwenye sauti ya kanisani. Matarumbeta akakodi kwetu. Mwanamke akamchukua Anande.

Ile albamu ilikuwa mchanganyiko usio na haya. Kinanda kimo, matarumbeta yamo, taarabu kidogo imo, vijana wa Kimasai wa Oldonyo Sambu wanaimba kwa koo, na katikati Abdiel mwenyewe ananguruma. Walionunua ni wachache, na nusu yao walikuwa shangazi zake. Ingejifia kimya kimya, kama baraza la wazee wa kanisa lisingeona jalada: Anande amesimama makaburini, gauni jeusi, wanja hadi mashavuni.

Mwenyekiti wa baraza, Mzee Philemoni, akaitisha kikao. Wakasema haki itendeke, lazima wasikilize kwanza. Walisikiliza vikao vinne, kwa chai na mkate. Mzee mmoja aliuliza kama yule anayenguruma ameshapelekwa hospitali. Mwingine aliomba wimbo wa tatu urudiwe kwa ajili ya uchunguzi, kisha akaomba tena. Chai nilikuwa napika mimi, na miguu iliyokuwa ikigonga chini ya meza niliiona kwa macho yangu. Mwisho wakaamua Anande atubu mbele ya usharika, la sivyo kwaya basi.

Jumapili ikafika, akasimama mbele. Mzee Philemoni akamwambia kwa upole, "Mama, sema tu kwamba unaujutia ule wimbo wa tatu, yaishe. Pasaka hii hapa, tunakuhitaji."

"Shikamoo, mzee," Anande akasema. "Wimbo ule niliutunga kwa Kimeru siku tuliyomzika mume wangu, Eliya. Niliwekwa turubaini, nikaambiwa mjane atulie. Mkaimba ninyi wimbo wa kitabuni, na sauti mkaikosea. Nimekaa nao kifuani miaka tisa. Abdiel ndiye mtu wa kwanza kuniambia niuimbe. Wanja naujutia, uliniwasha macho. Wimbo siujutii."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, maana siku ile ya mazishi na mimi nilikuwamo kwenye kuimba.

Basi, akavuliwa joho palepale. Akashuka, akaenda kukaa benchi la mwisho, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia. Mchungaji, ili mambo yaendelee, akataja wimbo wa kitabuni.

Sasa, wimbo wa kitabuni ni wa usharika mzima. Kwenye benchi hakuna anayekatazwa kuimba. Anande akajifuta uso kwa khanga, akafungua kinywa, na kanisa lote likamfuata yeye. Sisi wenye majoho tukabaki kule mbele tunamkimbilia kwa nyuma, Mzee Philemoni akitupungia mikono tupandishe.

Ubeti wa pili nilishindwa. Nilishuka na joho langu, nikaenda kukaa ubavuni kwake, nikashika sauti ya pili. Alisogea kunipisha bila kunitazama.

Ilipofika Pasaka, kule mbele walikuwa wamebaki watu wanne. Mzee Philemoni alikuja hadi benchi la mwisho, kofia mkononi, akamwuliza Anande kama kuna nafasi ya mtu wa besi.