Pua ya Dada

Dada yangu ni dobi, na kipimo chake cha kazi ni pua. Nguo haitoki mlangoni kwake kabla hajaipeleka usoni na kuvuta pumzi. Ikinuka chochote, hata sabuni, inarudi kwenye beseni.

Kisha mwanawe akaja na ustaarabu wake. Yale matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo fundi wa zamani hakujenga chumba bila kuyaacha, akayaziba kwa saruji, eti ni ya kishamba na yanaingiza vumbi. Akaweka vioo visivyofunguka. Siku hizi nyumba ni kopo lenye mfuniko, na watu wanajisifu kukaa ndani yake.

Mvua zilipoanza, dada akawa anaanika na kupiga pasi mle mle. Nguo ikikauka, maji yake hayapotei, yanaingia hewani. Hewa yenye joto hubeba maji mengi. Mchana mle ndani hewa ilikuwa imejaa nusu tu. Usiku ikipoa, mzigo uleule unaijaza pomoni, na ikigusa ukuta wa nyuma usioonja jua, inautua mzigo huo. Ndio umande huo, kama jasho la gilasi ya maji baridi. Niliyasoma haya kwenye kitabu kilichokwisha kupoteza jalada, nikamweleza mpwa wangu.

"Mjomba, umande uko kwenye nyasi," alisema. "Hapa kuna bomba linavuja."

Akachimbua ukuta kutafuta bomba. Hakuliona. Akaziba, akapaka rangi ya mafuta, na maji yakapata pa kuteleza vizuri zaidi. Kona zikaota ukungu mweusi wenye manyoya, ukiugusa unateleza kidoleni kama kamasi. Dawa yake ikawa kupulizia manukato. Uvundo uliotiwa manukato: sijakutana na kinyaa kikubwa kuliko hicho.

Asubuhi moja kinyozi, mteja wa dada wa miaka mingi, akarudisha makoti yake meupe. Hakugomba. Aliyaweka mezani, akasema kwa upole kwamba hawezi kumwinamia mtu akiwa amevaa hayo. Dada akachukua la juu, akalipeleka usoni, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Mbona halinuki kitu?" aliniuliza.

Mimi nilikuwa mlangoni, na uvundo wake ulikuwa umenifikia pale pale.

"Limevunda, dada. Na hilo gauni lako pia."

Kinyozi akatazama viatu vyake. Dada akaigusa pua yake kama kitu cha kuazima. Kisha akachukua nyundo ya mwanawe, akapanda juu ya meza ya pasi, akaanza kuigonga ile saruji. Vipande vilidondokea kwenye shuka safi na hakujali.

Nikamchukua akalale kwangu, ambako upepo huingia bila kubisha hodi. Mwanawe alinuna wiki nzima. Siku dada aliporudi kwake, alifika kizingitini akasimama, akaziba pua kwa ncha ya khanga.

"Mdogo wangu," alisema, "humu ndimo nilimokuwa nakaa?"

Akatema mate nje, akajaza beseni, akaanza na makoti ya kinyozi.