Chikanda Yangu kwa Bei ya Hoteli

Uvumilivu wangu uliisha siku ya Jumamosi, saa nane ya mchana, mbele ya meza namba sita ya hoteli, nilipoona alama ya sufuria yangu kwenye sahani ya mutu nisiyemujua.

Nieleze vizuri. Sufuria hiyo ni ya nkambo, nyanya yangu, mke wa mufanyakazi wa reli. Siku moja ilianguka kutoka kwenye treni pale Sakania, na chini yake ikabonyea ndani, umbo la nusu mwezi. Tangu siku hiyo, kila kitu kigumu kinachopikwa humo kinatoka na kashimo hako juu. Mimi napika humo chikanda: mizizi ya pori iliyosagwa, unga wa karanga, pilipili, unakoroga, unaacha kwenye makaa mpaka ishikane kama mukate, kisha unaigeuza na kuikata vipande. Kamalondo yote, mutaa wetu, inaijua. Majirani wanasema, "Hii ya nusu mwezi njo ya Mama Plamedi," yaani ndiyo yangu mimi.

Na pale, mbele ya bwana mwenye miwani nyeusi, vipande vitatu vya nusu mwezi vimelala juu ya jani la salade.

"Papa, samahani," nikamuuliza. "Hii chikanda umeitosha wapi?"

"Ku cuisine, ku jiko yabo, mama. Banasema ni ya maison, ya nyumba hii. Franka elfu kumi na mbili."

"Ni miye nilipika."

Akacheka. "Aa, basi weye njo unafanyaka kazi hapa?"

Hapo ndipo damu ilinipanda. Lakini ili muelewe hasira yangu, lazima nianzie nyumbani.

Mutoto wangu Plamedi ana miaka tisa. Mwaka huu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na mimi, kwa mudomo wangu, nilimwahidi: ukimaliza katekisimu bila kukosa hata siku moja, tutaenda kulala usiku mumoja kwenye ile hoteli ya parc ya michezo, yenye piscine ya kuogelea na toboggan ndefu ya bluu ya kuteremkia majini. Alikuwa ameiona kwenye simu ya mwenzake wa darasa. Hakukosa hata siku moja. Siku ya malaria nilimukuta amekaa kitandani, anatetemeka, amekwisha vaa viatu. Sasa mutoto wa namna hiyo, utamuambia nini?

Mimi ni fundi wa kushona. Msimu wote nilishona nguo nyeupe za watoto wa wengine, nikiweka dola moja moja. Nilipiga simu parc. Wakasema: chumba dola arobaini, na kuingia parc kumo ndani ya hiyo, hakuna lazima ya kulipa mbele. Nikafikisha sabini, nikaona tumevuka. Chakula hakikuwa kwenye hesabu, kwa sababu mikono yangu ninayo.

Ijumaa jioni nilipika. Chikanda nzima, kuku wawili wa kukaanga, mikate, na chupa sita za maji. Sufuria nikaiacha nyumbani. Chikanda nikaifunga na kitambaa safi ndani ya sanduku la plastiki.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulipanda mbele kwenye kamyo, lori la Papa Kambale. Ni jirani yetu, mutu wa Butembo, anauza unga kwa jumla, na siku hiyo alikuwa anaenda Mokambo, mpakani, kuleta mifuko yake ya unga. Angetushusha kwenye njia panda ya parc na kutuchukua Jumapili akirudi.

"Ule parc!" akasema, hata hatujavuka kizuizi cha kwanza. "Mwaka ingine nilipeleka bibi na batoto. Chupa ine tu ya limonade, nikakosa mafuta ya kufika Mokambo."

"Shiye tunabeba chakula yetu, Papa Kambale."

Akaniangalia, akaangalia sanduku, akaanza kucheka peke yake. "Utaona ku mulango."

Nikakasirika kidogo. Akaniambia nisimuchukie mutu kwa ajili ya bei. "Beyi inapanda kwa bote, Mama Plamedi. Mafuta inapanda, unga inapanda, hata miye napandisha."

"Weye unapandisha, ndiyo. Lakini haukatazake muntu kuja mu depot na unga yake ya kwabo."

Plamedi alikuwa amelala na begi lake la kuogelea kifuani, kama mutu anayeogopa wezi.

Saa tatu tulifika. Mulangoni kuna tembo wa sementi, amepakwa rangi ya waridi, na juu ya tumbo lake wamebandika karatasi mupya: chakula na vinywaji vya nje haviingii. Mulinzi alikuwa mutu wa adabu, si wa makelele.

"Mama, sanduku inabakia hapa. Nakupatia jeton. Jioni ukiwa unatoka, unaikamata."

"Shiye tunatoka kesho."

Akakuna kichwa. "Kesho, mama... kesho siyui kama utaikuta."

Akanipa jeton ya plastiki namba kumi na saba. Chupa za maji akazipanga chini, moja moja, kisha akashika moja, akaifunga ndani ya taulo ya Plamedi bila kuniangalia. "Hii ni ya mutoto. Miye sikuiona."

Sitamusahau huyo.

Kwenye réception, mahali pa kupokea wageni, kulikuwa na musichana aliyesuka nywele vizuri, sauti yake ya huruma tangu mwanzo, na hiyo ndiyo ilinitia wasiwasi. Chumba si arobaini tena. Ni dola sitini na tano. Na kuingia kunalipwa pembeni, dola tano kila kichwa.

"Dada, miye nilipiga simu. Mulisema arobaini."

"Ni kweli, yaya," akaniita kama dada yake mukubwa. "Bei imebadilika juma lililopita. Ulilipa kitu?"

"Mulisema hakuna lazima!"

"Ni kweli, yaya." Macho yake yakashuka. "Naweza kukuwekea chumba mpaka saa kumi. Pole."

Nikalipa kuingia. Nikabaki na sitini mukononi, na chumba cha sitini na tano, na mutoto aliyekuwa amekwisha vua viatu. Nikajiambia: mbele ya saa kumi nitaomba, nitapiga magoti kama ni lazima. Sitamuambia kitu sasa.

Plamedi aliingia kwenye maji. Lazima niseme ukweli: palikuwa pazuri. Toboggan ilikuwa ndefu kuliko ya kwenye simu. Alishuka mara moja akipiga kelele, akanitafuta kwa macho, akashuka tena, na tena, sikuhesabu. Kwa zaidi ya saa nne nilisahau bei.

Saa nane alitoka anatetemeka, midomo kama majivu.

"Mama, chikanda yetu iko wapi?"

Nikaenda kwenye restaurant. Bei ziliandikwa kwa chaki, na chini ya kila namba unaona ile ya zamani haijafutika vizuri. Kuku na viazi: elfu arobaini na tano, na chini yake ishirini na tano. Chupa ya maji, ile tunayonunua Kamalondo elfu moja, hapa elfu tano. Nikawa nafikiri niombe viazi peke yake, nusu sahani, maana zile sitini zilikuwa za chumba. Nikageuka. Nikaona meza namba sita.

Sasa munajua.

Nilimuambia yule bwana, "Papa, angalia kipande cha katikati. Hii alama, uiweke pamoja na za pembeni." Akazisogeza kwa uma. Nusu mwezi ikakamilika. Akavua miwani.

"Banakutosha sanduku ku mulango, banabakia nayo?"

Nikamuonyesha jeton.

Akasukuma sahani upande wangu, na facture, risiti yake, juu yake. "Beba, mama. Kipande kimoja na karatasi. Bile bingine nitakula, juu nimelipa, na kusema kweli, iko muzuri sana."

Hata leo sijui kama nilitaka kumushukuru au kumupiga.

Niliingia kwenye cuisine bila kubisha. Mupishi alikuwa mama wa miaka kama sitini, munene, mikono ndani ya maji ya sahani. Anaitwa Mama Adèle. Aliona kipande mukononi mwangu, akaelewa mbele sijafungua mudomo.

"Njo yako?"

"Njo yangu!"

"Pole, mwana yangu. Banatuambia ya ku mulango tuikate."

Nilipiga kelele. Maneno niliyosema sitayaandika hapa. Baadaye niliomba musamaha. Gérant, musimamizi wa hoteli, akaja, shati jeupe, "Madame, tuongee polepole," akaniingiza ofisini.

Nilitegemea bwana mukubwa mwenye tumbo. Nikamuangalia karibu: ni mutu aliyechoka, kola ya shati lake imegeuzwa na fundi ili imalizie mwaka. Mimi naona vitu hivyo.

"Madame, banatukata moto ya umeme kila siku, groupe, ile jenereta, inakula mafuta. Kuku inatoka Zambie, biazi inatoka Zambie. Kila muntu akikuja na chakula yake, miye nitalipa bafanyakazi na nini?"

Hakudanganya, na kwa dakika moja nilimuhurumia. Kisha akavuta karatasi.

"Miye sikuyua kitu. Ni ule mama wa cuisine aliiba. Unasaini hapa kusema ni yeye. Basi, chumba ya leo ni bure. Na chakula ya jioni. Na ya asubuhi."

Plamedi alikuwa amesimama mulangoni na taulo mabegani. Alisikia lile neno moja: bure. Musiniulize uso wake ulikuwa namna gani.

Nikachukua kalamu. Siwafichi, niliichukua. Nilisoma shule mpaka mwisho wa sekondari, na niliposoma Kifaransa cha karatasi ile niliona neno la wizi, na jina la Mama Adèle limeandikwa zamani, kabla hata sijakubali. Kupitia kioo nilimuona. Alikuwa amekunja tabuliye, aproni yake, vizuri, ameishika kifuani, kama mutu anayengoja kuambiwa aende.

"Patron," nikasema, "ile karatasi ku tumbo ya tembo, ni ule mama aliandika?"

"Madame..."

"Na facture inaandika 'ya maison'. Maison ni ya Mama Adèle?"

Nikaweka kalamu chini.

Plamedi akapasuka kulia mbele ya watu wote. "Uliahidi! Mama, uliahidi!"

Ndiyo. Niliahidi. Na saa kumi chumba chetu kilichukuliwa na watu wengine.

Mulangoni nilikamata vilivyobaki: kuku mumoja, mkate, maji. Mulinzi akataka jeton. Nikamuambia hii inabaki kwangu, na yeye akaangalia upande wa tembo. Ndipo tukasikia miguu nyuma yetu. Mama Adèle, saa yake ya kazi imeisha.

"Mutalala wapi?"

Kamyo ilikuwa kesho.

Nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa parc, vyumba viwili, wajukuu watatu. Tulifika jua lingali juu. Akaweka bukari, ugali wetu, mimi nikaweka kuku wangu wa pili, na tukiwa tunakula akanieleza. Bei zilipopanda, chakula cha mchana cha wafanyakazi kilikatwa. Tangu hapo walikuwa wanakula vile vinavyobaki mulangoni bila wenyewe kurudi kuvichukua. Mwezi huu gérant akaona wageni wanauliza chakula cha kwetu, akasema: muuze.

"Basi kuku yangu ya kwanza, ni mweye mulikula?"

"Miye paja moja tu."

"Chumvi ilitosha?"

Akafikiri kwa makini, kama mutu mbele ya hakimu. "Kidogo ilipunguka."

Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikamuuliza, nikiandika malalamiko, si watamufukuza? Akakusanya mifupa ya kuku pembeni ya sahani.

"Andika. Lakini andika muzuri. Usinifiche, usinichome."

Plamedi hakusema na mimi jioni yote. Alilala kwenye mukeka pamoja na wajukuu, mugongo upande wangu.

Jumapili, saa nne, Papa Kambale alitukuta njia panda. Nilingoja acheke. Hakucheka, alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaomba kuonja kile kipande. Nikamuambia hicho ni ushahidi. Tulikuwa karibu kufika muji Plamedi alipofungua mudomo mara ya kwanza.

"Mama, hoteli ya kwa Mama Adèle iko muzuri. Lakini haina toboggan."

Hajanisamehe bado. Ana haki. Mimi nilirudi na kitu kimoja kichwani: bei kupanda naweza kuelewa, hata bei yangu ya kushona imepanda. Lakini kumunyang'anya mama chakula mulangoni ili mutoto wake anunue kile kile mezani, hiyo si bei. Hiyo ina jina lingine.

Jumatatu nilifunga kazi nusu siku, nikaenda kwenye ofisi ya utalii ya jimbo. Mwandishi wa pale alipokea karatasi zangu, akasimama alipoona nafungua kitenge nilichofungia sufuria.

"Mama, sufuria haiingiake mu dossier, mu faili ya karatasi."

"Papa, weka kipande ndani yake, ku alama, uangalie."

Akaweka. Akaangalia. Akaita mwenzake wa chumba cha pili, naye akaangalia. Kisha akapiga muhuri. Niliyoandika ni haya:

"Bwana Mukubwa,

Mimi ni fundi wa kushona, mukaaji wa Kamalondo, mama wa Plamedi. Ninashitaki uongozi wa parc, si mupishi wala mulinzi. Uongozi ulibadilisha bei ya chumba baada ya kunitajia nyingine kwenye simu. Ulikamata chakula changu mulangoni na kunipa jeton, kisha ukakiuza kabla sijatoka, kwa bei niliyoshindwa kulipa. Mupishi Adèle alikata chikanda yangu kwa amri, na alikula paja moja la kuku wangu kwa sababu ya njaa. Hilo nimemusamehe, na ninaomba lisihesabiwe kwake.

Ninaomba mambo matatu. Bei iandikwe mulangoni, mahali mutu anaiona na anaweza kurudi nyumbani mbele ya kulipa. Wafanyakazi warudishiwe chakula chao cha mchana. Na mutoto wangu apewe usiku mumoja kwa dola arobaini, kama uongozi ulivyosema. Nitalipa.

Ninaleta pamoja na barua hii: jeton moja, facture moja, kipande kimoja cha chikanda kilichokauka, na sufuria moja ya nkambo. Sufuria ninaomba nirudishiwe mbele ya Jumamosi, kwa sababu nitapika humo tena."