Chupa ya Juu ya Kabati la Mama Mkwe

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile nilitamani sakafu ya sebule ipasuke inimeze na mswaki wangu mdomoni. Wanangu msiwaambie, maana wananijua kama mama anayewagombeza kila siku kuhusu adabu za ugenini, na sijapata kuwasimulia kwamba mama yao aliingia kwenye ukoo huu kwa aibu ambayo jumuiya nzima ya kanisa pale Mkolani, Mwanza, iliishuhudia kabla hata ya chai.

Mimi ni mtu wa Machame, kule Kilimanjaro, na mtu wa Machame ukitaka kumwona anaringa usimuulize habari za ndizi wala kahawa, muulize habari za maji, maana kwetu maji yanashuka mlimani ya baridi mpaka meno yanauma, unakinga bombani, unakunywa, unajifuta mdomo, basi. Sasa nikapata mchumba Mhaya, Deo, ambaye wazazi wake walitoka Bukoba zamani wakajenga Mwanza, na siku ya kwenda kumwona mama yake ilipofika (baba yake alishafariki), mama yangu mzazi hakunionya habari za kupika wala kuvaa. Alinionya habari za maji.

"Mwanangu, kule wanakunywa ziwa," alisema, kama mtu anayesema kule wanakula watu. "Ya bomba usiguse. Utaniletea kichocho hapa."

(Baadaye nilijifunza kwamba kichocho watu hukipata kwa kuchezea maji ya ziwani, siyo kwa glasi ya sebuleni, lakini mama yangu umbishie wewe?)

Basi nikapanda basi na katoni ya maji ya dukani. Ndiyo, katoni nzima, Moshi mpaka Mwanza, naikumbatia kama mtoto mgonjwa. Deo alipokuja kunipokea stendi aliitazama, akanitazama mimi. "Hiyo nini?" Nikamwambia ni maji. Akasema, "Unaleta maji Mwanza?" akacheka mpaka akaegemea gari la watu, nami nikanuna njia nzima.

Mama Deo alikuwa mama mdogo wa umbo, mpole, anaongea taratibu kama hataki kumwamsha mtu. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa mikono miwili, akaniletea glasi ya maji juu ya kisahani. Nami nilijua kabisa (Deo alishanidokeza) kwamba ndugu walitaka aoe Mhaya mwenzao, Mkatoliki mwenzao, na mimi hapo ni Mchaga na tena Mlutheri, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa huyu mama: akinikubali nimeolewa, akinikataa Deo hana ubavu wa kumpinga. Na bado, jamani, na bado ile glasi niliigusisha midomo tu nikaiweka chini. "Nimetoka kunywa sasa hivi, mama."

Aliiangalia ile glasi. Akasema, "Haya, mwanangu," akaifunika.

Kesho yake nikakuta chumbani kwangu jagi limejaa, limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni, na glasi safi inang'aa. Sikuligusa. Nilikuwa nakunywa chupa zangu za uvunguni, na kifuniko nakifungulia ndani ya blanketi kile kimlio kisisikike. Jioni mama anaingia, anakuta jagi limejaa vilevile, analitoa, asubuhi linarudi. Nami mjinga wa watu najisifu moyoni kwamba hajagundua kitu.

Joto la Mwanza halikunihurumia, katoni ikaisha Ijumaa. Deo naye hayupo, alikwenda Geita kumchukua baba yake mdogo, na enzi zile daraja la Busisi halijajengwa, ni kivuko, ukichelewa foleni ndiyo imekula kwako. Duka la karibu lilikuwa la Mama Kabula, shoga yake Mama Deo, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe watoke bondeni, na nilijua nikienda pale kununua chupa moja tu ya maji, Mama Deo atakuwa na habari kabla sijarudisha mguu ndani. Usiku huo nikalala na kiu, na kiburi changu pembeni.

Sasa Jumamosi asubuhi mapema napita sebuleni, naona nini? Juu ya kabati la vyombo, chupa kubwa ya maji ya dukani, imejaa mpaka shingoni. Ilikuwa imesimama kando ya sanamu ya Bikira Maria, ina rozari imezungushiwa shingoni, na mtu mwenye akili timamu angejiuliza chupa ya maji inavalishwa rozari ya nini. Mimi Mlutheri nikaona ni pambo. Nikaivua rozari taratibu, nikamwachia Bikira Maria, nikaondoka na chupa.

Nilikunywa jamani! Nilikunywa nimesimama, bila kupumua, nikahisi macho yanafunguka. Yalikuwa na ladha ya uvuguvugu hivi, kama yamekaa, lakini nikasema ndiyo maji ya viwanda vya huku. Na kwa kuwa tabia ya tamaa haina breki, nikatoka nayo uani, nikanawia uso, nikapigia mswaki, najisukutua kwa madaha na kuwatemea kuku wa mama mkwe.

Kumbe nimesahau kitu. Jana yake Mama Deo aliniambia, "Kesho jumuiya wanasali hapa kwetu, watawaombea wewe na Deo," nami nikadhani ni jioni, kama sisi kwetu. Wenzetu jumuiya ni alfajiri. Kwa hiyo nasukuma mlango wa nyuma, khanga kifuani, povu mdomoni, chupa mkononi, nakutana na sebule imejaa watu. Viti vyote vimekaliwa, wengine mkekani, Mzee Kamugisha, mwenyekiti wao, amesimama katikati ameshika kijitawi cha majani cha kunyunyizia, na Mama Deo yuko mbele ya kabati anapapasa nyuma ya sanamu, anatafuta.

Wakageuka wote. Wakaitazama chupa.

Nami nikafikiri nini? Nikafikiri wana kiu! Nikainyanyua, nikasema kupitia povu, "Karibuni, yamebaki kidogo."

"Yesu na Maria!" Mama Kabula akajishika kichwa. "Amekunywa maji ya baraka!"

Mzee Kamugisha akauliza pole pole, kama hakimu, "Binti, umeyanywa?"

"Nimekunywa, shikamoo."

"Yote hayo?"

"Hapana, mzee." (Sijui kwa nini sikunyamaza hapo.) "Mengine nimepigia mswaki."

Mtu mmoja mkekani akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi naona harusi yangu inaondoka inaniacha nimesimama na khanga, maana atakayeamini kwamba sikudharau dini yao ni nani? Nikamtazama Mama Deo. Hakuwa amekasirika. Bora angekasirika.

"Mwanangu," akasema, "hayo nilikinga kanisani, mkesha wa Pasaka. Padri aliyabariki, lakini ni ya bomba. Hayakuchemshwa. Yako pale juu tangu Pasaka mpaka leo."

Nikaigeuza ile chupa, nikaitazama upya.

"Ya kwenye jagi ndiyo nayachemsha," akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo zaidi. "Kila jioni nayachemsha, nayachuja kwa kitambaa kipya, nayapoza usiku kucha. Deo aliniambia kwenu mnayaogopa maji yetu. Kila siku nalikuta limejaa. Nikasema basi, huyu mtoto siyo maji anayoyaogopa. Ni mimi hanitaki."

Jamani. Mimi siku zote zile naogopa huyu mama atanikataa, kumbe yeye anaamka na jagi anaona amekataliwa yeye, nyumbani kwake, na mtoto wa jana. Machozi yakanitoka palepale, yakachanganyika na povu, nikawa sijui nifute kipi. Nikaiweka ile chupa mezani, nikaenda chumbani, nikarudi na jagi na glasi, nikapiga magoti mbele yake na mbele ya jumuiya yote, nikamimina, nikanywa glasi nzima. Nikamimina ya pili. Kwikwi ikanishika katikati, sikuacha. Nilipoanza ya tatu akanishika mkono, akaichukua ile glasi, akanywa yeye iliyobaki.

"Inatosha," akasema. "Mkwe wangu atapasuka."

Mkwe wangu! Mama Kabula akapiga kigelegele, na Mzee Kamugisha akakiangalia kijitawi chake kikavu, akasema, "Huyu hana haja ya kunyunyiziwa tena, baraka ameshaitia tumboni," sebule nzima ikaangua kicheko, na Deo ndipo akaingia na baba yake mdogo, vumbi la Busisi miguuni, anauliza kuna nini, wote wanamwonyesha chupa.

Mama Deo tulimzika mwaka juzi. Alikuwa akiisimulia habari hii kwa kila mgeni, watoto wakishalala, kwa ile sauti yake ya taratibu, bila kucheka hata kidogo, mpaka anafika kwenye kuku. Ningetoa chochote nimsikie anaaibisha jina langu mara moja tena. Mimi sasa ni mtu wa Mwanza, nachemsha maji kila jioni, na nimejiapiza: nikifika kwa mtu, anachonipa nitakunywa mpaka kiishe, kwa sababu huwezi kujua aliamka saa ngapi kukiandaa.