Koti Lililoletwa Bila Kutolewa

Sifa zote ni kwa Mungu aliye hai, anayeona mlima na bonde kwa jicho moja, aliyenifikisha umri wa kutembelea fimbo huku akiniachia akili ya kusimulia. Namshukuru kwa asubuhi ya leo, kwa chai ya tangawizi, na kwa hili jua la Landani ambalo likichomoza lazima uliwahi.

Mwanangu, Jumapili iliyopita nilisikia ikitangazwa kanisani kwamba wewe na wenzako mtakwenda Meksiko kiangazi hiki, kwenye vijiji vya milimani, kupeleka blanketi na mabomba ya maji na kusali na wenyeji. Nilifurahi. Kisha nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kitandani bila hata kuwasha taa, kwa maana niliikumbuka siku moja ya ukungu katika milima hiyo hiyo, nilipokuwa binti mwenye nguvu kama wewe. Naiandika sasa ili uende nayo.

Wakati huo nilikuwa nikilea wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Wembley, na Jumapili nikisali hapa Thornton Heath, katika ukumbi wa kupanga uliokuwa na harufu ya rangi ya zamani. Ushirika wetu wa Waswahili ulikuwa mdogo. Mchungaji wetu alikuwa mtu mpole asiyepaza sauti hata akihubiri jehanamu. Tulikuwa na dada mmoja wa Kimeksiko, Rute, aliyefanya kazi na baadhi yetu na akapenda nyimbo zetu. Yeye ndiye aliyetuambia habari za kijiji alikozaliwa, baridi yake na shida ya maji. Tukaamua kwenda. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wengi wetu tulikuwa wafagiaji wa maofisi na walezi wa wagonjwa, lakini kila mmoja alipata cha kuleta.

Katika sisi alikuwamo Mama Eliya. Eliya alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Aligongwa na gari akivuka barabara, kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye kutembea bega moja limeinama kama anayesikiliza kitu. Tulichanga, mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Machame, kama ilivyo desturi. Mama yake hakuweza kufuatana nao. Makaratasi yake yalikuwa bado yako serikalini. Angetoka asingeruhusiwa kuingia tena, na mabinti zake wawili walikuwa shuleni hapa. Akausindikiza mwili hadi uwanja wa ndege, akarudi nyumbani kwa basi. Huko kwao wakazika, wakakaa matanga, wakaanua. Huku kwetu tulimkalia jioni chache, kisha kila mtu akarudi kwenye zamu yake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Yeye hakuanza. Alituandalia chai sisi tuliokwenda kumfariji, akaosha vikombe.

Miaka ikapita, makaratasi yakatoka, safari ikaja. Tulipokuwa tukifunga nguo za msaada ukumbini, alinitania kama kawaida yake.

“Wewe Naomi, nguo hukunji, unafunga sambusa. Mumeo atalala na mashati yaliyojikunja mpaka lini?”

“Nipate mume kwanza, mama.”

“Utampataje na mkunjo huo?”

Tukacheka. Kisha akatoa kwenye mfuko wake koti la mvua la manjano. Nililijua, lilikuwa la Eliya. Kwenye kiwiko cha kushoto lilikuwa na kiraka cha kitenge chekundu, alichokishona kwa mkono wake.

“Na hili, mama?” nilimuuliza polepole.

“Na hili. Kule kuna baridi.”

“Una hakika?”

“Mtoto wa watu, funga boksi.”

Nikafunga. Lakini mkono wake ulibaki juu ya boksi, nikalazimika kuuzunguka kwa utepe wa gundi kama unavyozunguka jiwe njiani.

Kijiji chenyewe, mwanangu, kiko juu sana. Ukungu hupanda kutoka bondeni kila asubuhi, ukaingia mpaka ndani ya nyumba, ukakaa kama mgeni asiyesema. Watu wake ni wakarimu. Walitupokea kwa maharage na mikate ya mahindi ya moto, wakatukalisha karibu na jiko, nami nikajiona niko kwa shangazi yangu. Nguo tulizigawa uani pa kanisa. Koti la manjano likamwangukia kijana aitwaye Mateo, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Tomasa, baada ya wazazi wake kufariki. Alipolivaa, lilimkaa kama alishonewa yeye. Mama Eliya alikuwa upande wa pili, akigawa blanketi. Sikujua kama ameona.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa mimi na yeye bombani, tunaosha masufuria. Ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wangu niliuona kama wa mtu mwingine. Kimya kilikuwa cha ajabu. Ndipo tukasikia hatua zikipanda njia ya mawe. Kwanza tukaona manjano. Kisha kiraka chekundu. Mtu yule alitupita bila kutuona, akatupa mgongo, na bega lake moja lilikuwa limeinama.

Sufuria likamponyoka Mama Eliya.

“Eliya!” aliita.

Mwanangu, mtu akiitwa kwa jina lisilo lake huendelea na safari. Yule akasimama. Akageuka taratibu, na katika ukungu ule sura haikuonekana, ila tundu jeusi la kofia ya koti. Akajibu kwa lugha ya kwao, neno la adabu wanalojibu wakiitwa na mkubwa, kama vile sisi kwetu kijana anavyoitika “naam.” Kisha akabaki amesimama, akingoja aambiwe kitu. Yeye na Mama Eliya walitazamana hivyo hadi nikaogopa, nikamshika mama mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Tangu hapo Mateo akabadilika. Hakula. Aliacha kwenda shambani. Alikaa kizingitini kwa bibi yake, ndani ya lile koti, uso umeelekea njia, na ukimsemesha anakutazama kama mtu anayesikiliza anayeongea nyuma yako. Usiku mwili wake ulikuwa baridi. Bibi Tomasa alimfunika blanketi zetu zote bila faida. Mama Eliya kila alfajiri alipika uji akampelekea, akamwita Eliya, na kijana akaitikia. Kwa jina la Mateo hakuitikia tena, hata bibi yake alipoita.

Mchungaji alimwonya Mama Eliya, naye akajibu kwa utulivu uliotutisha kuliko kelele. “Mchungaji, nyinyi rudini. Mimi nimefika. Mabinti wakubwa sasa, watajitegemea.”

Sisi tumelelewa katika Injili, na sikuandikii haya ili uamini mizimu. Marehemu wako mikononi mwa Bwana. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na mimi nilikuwa nikimtazama kijana mzima akififia kama taa inayoishiwa mafuta. Huko mji wenye daktari ulikuwa mbali, na gari lililokuwa lije kumchukua lilikwamishwa na tope.

Jioni moja Bibi Tomasa alikuja tulikofikia. Alikuwa mfupi, shali imefungwa kifuani, na mkononi kashika lile koti. Alikuwa amemvua mjukuu wake akiwa usingizini. Hakuketi alipokaribishwa. Aliliweka mezani mbele ya Mama Eliya, akasema, na Rute, tuliyekwenda naye, akatufasiria.

“Mlituletea vitu vingi, nasi tumeshukuru. Lakini nguo hii haijatolewa. Imeletwa tu. Mwenyewe bado ameishika, na mjukuu wangu yumo ndani yake.”

Akamkazia macho Mama Eliya.

“Mama, mwanao alikufa?”

“Alikufa.”

“Ulimzika?”

Mama Eliya akatazama koti. “Alizikwa.”

“Sikuuliza hivyo.”

Nilisikia maji yakidondoka kutoka paani, tone, tone. Mama Eliya akainua uso, nikaona kwa mara ya kwanza midomo yake ikikataa kumtii. “Sikumzika,” alisema. “Nilirudi kwa basi. Nikapika chai.”

“Basi unamtafuta kwangu,” alisema Bibi Tomasa. Hakusema kwa hasira. “Mimi nimezika mwanangu na mke wake kwa mikono hii. Nimebakiwa na huyu mmoja. Jina lake ni Mateo. Ukimwita jina la wako mara nyingi, atakwenda aliko wako. Uchungu wako naujua, mama, lakini usiulishe mtoto wangu.”

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mwanangu. Sisi wote tuliokuwa mle ndani, na Biblia zetu na maboksi yetu, hakuna aliyekuwa ameuliza lile swali. Ilibidi tupande mlima kwa mgeni ili mwenzetu aulizwe kama amezika.

Asubuhi tulikwenda kwenye kona ya makaburi ya kijiji, tuliyopewa na wenyeji. Mchungaji alichimba shimo dogo. Tukaimba nyimbo za kwetu za kusindikiza, kwa Kiswahili, na wanakijiji wakasimama wameshika kofia, hawaelewi maneno ila wanaelewa jambo. Koti halikuzikwa. Mama Eliya alikifumua kile kiraka kwa meno na kucha, uzi baada ya uzi, akakiweka shimoni. Mchungaji akasema, “Udongo kwa udongo.” Mama Eliya akachota udongo. Akaushika muda mrefu. Tukangoja, safari hii hakuna aliyekuwa na zamu. Kisha akaufungulia mkono, na kilio kikatoka, kilio cha miaka yote ile, akaanguka chini na wanawake wa kijiji wakamwangukia, wakilia naye kana kwamba Eliya alikuwa wao.

Hapo ndipo mbwa wa nyumba ya juu alipobweka. Akafuata wa nyumba ya pili. Kisha wa tatu, wakishuka na njia, mmoja akinyamaza na mwingine akianza, kama wanavyobweka mtu anapopita, mpaka kubweka kukawa mbali bondeni, mpaka kukaisha. Tulikuwa sote pale makaburini. Njiani hapakuwa na mtu. Mchungaji alinitazama, nami nikamtazama, na hatukulizungumza jambo hilo hadi Mungu alipomwita.

Mama Eliya aliinuka, akajifuta uso kwa khanga, akachukua koti lililobaki na tundu kiwikoni. Akaenda hadi kizingiti cha Bibi Tomasa. Kijana alikuwa amekaa pale pale. Akamvalisha mabegani, akarudi nyuma hatua moja, na kwa sauti ambayo ilimgharimu kuliko safari yote, akamwita:

“Mateo.”

Bibi Tomasa alikuwa ameshika rozari yake kifuani. Kijana alipepesa macho, akamtazama yule mama mgeni kama ndiyo kwanza anamwona, akaitika. Halafu akamgeukia bibi yake, akaomba chakula.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla hujafunga boksi, angalia mkono wako kama umeachia. Zawadi ambayo mtoaji bado ameishika humlemea anayepokea, hata ikiwa nguo ya baridi tu. Kama una msiba uliouruka kwa sababu ya kazi, au makaratasi, au kwa sababu watu walikusifu kuwa una nguvu, kaa chini uulie hapa hapa Landani, katikati ya ndugu, kabla hujaupeleka kwenye nyumba ya mtu. Na wewe uliye jirani ya mfiwa, usiridhike na chai yake. Muulize. Ukifika kwa watu wale, jifunze majina yao na uwaite kwa hayo. Usiende kumtafuta kwao mtu uliyempoteza kwako, wala usiwafanye kioo cha wema wako. Jambo usilolijua ni kama usiku wa giza. Na mwenye taa mara nyingi ni bibi asiyejua hata neno moja la lugha yako. Akikukemea, inamisha kichwa usikilize.

Nawe unayesoma haya, uwe unasafiri au umebaki, Bwana akutangulie njiani na akulinde nyuma. Akupe mikono inayojua kutoa na kuachia. Wafu wako awapumzishe, walio hai akutunzie, na siku utakapoitwa kwa jina lako, akujalie kuitika bila hofu. Amina.