Moshi wa Wiki ya Nane

Jua la wiki ile lilikuwa jekundu, na mtu aliweza kulitazama bila kufinya macho. Moshi ulitoka kwenye misitu iliyokuwa ikiungua Kanada, ukavuka mpaka wa nchi, ukashuka hadi mji wetu wa Hopkins, ukatanda juu ya maghorofa kwa upole kana kwamba hauna nia mbaya. Magari yalipita taa zikiwaka saa nne asubuhi. Sauti zote zilikuwa mbali. Mimi nilikuwa dirishani na mimba ya wiki nane, nikiogopa kuvuta pumzi.

Niliyemwambia ni mume wangu tu. Kwetu pwani mimba changa haitangazwi. Unaifunika mpaka ijionyeshe yenyewe, jicho la watu lisije likaifikia. Hata mama mkwe wangu, aliyetoka Mombasa kuja kukaa nasi, sikumwambia. Nilijidai kwamba nafuata mila. Ukweli ni kwamba sipendi kumwonyesha mtu kitu ambacho hakijakamilika.

Sikusomea sayansi. Kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao yao kwenye mji jirani wa St. Louis Park, na ninayoyajua nimejifundisha kwenye simu, wakati wa mapumziko. Nilisoma kwamba ndani ya moshi mna chembe ndogo mno, pua haiwezi kuzizuia. Zinapita kwenye mapafu, zinaingia kwenye damu, na nyingine zimeonekana hata kwenye kondo la nyuma. Nilisoma kwamba mimba nyingine huharibika, watoto wengine huzaliwa wepesi. Wiki ya nane vidole ndiyo kwanza vinachipuka. Nilikuwa nikiviwaza nikiwa kazini, nikiwa naoga, nikiwa naswali, vidole kumi vinavyojitengeneza gizani bila kunitaka ushauri.

Nikaziba madirisha kwa utepe. Nikanunua kimashine cha kupima chembe za hewani, nikakiweka juu ya kabati chumbani. Nikafunga vichujio vinne nyuma ya feni vikawa kama sanduku la kusafishia hewa, kisha nikalifumua kwa sababu pembe moja ilikaa upande. Nililifunga mara tatu.

"Daktari wa moshi," mume wangu alinitania. "Leo sanduku lako litapasi, au larudia darasa?"

Lilirudia. Kila nikirudi kazini namba zilikuwa nyekundu, siku nyingine zikipita hata za nje. Niliziandika kwenye daftari, nikaongeza utepe, nikaanza kulala na barakoa. Chumba kilinukia ubani, lakini nyumba nzima ilinukia ubani tangu mama mkwe alipofika, na pua yangu iliihesabu ile kuwa harufu ya kwetu. Moshi kwangu ulikuwa kitu kinachotoka nje. Ubani sikuwahi kuuita moshi.

Alhamisi niliruhusiwa mapema, nikafika nyumbani saa nane mchana. Mlango wa chumba chetu ulikuwa umeegeshwa. Ndani hewa ilikuwa na rangi ya maziwa. Mama mkwe alisimama kando ya kitanda na chetezo mkononi, akikizungusha juu ya mto wangu na kusoma dua kwa sauti ya chini. Nguo zangu nyingine za kazi alikuwa amezitandaza juu ya kikapu cha kufukizia, kwa hiyo hata kazini nilikuwa navaa moshi. Kwa kitambo niliuona uzuri wake tu, ile nuru nyekundu kutoka dirishani, ubani ukipanda polepole, mwanamke akimwombea mtu. Kisha nikatazama kimashine.

"Mama, wamuua," nilisema.

Hakuuliza nani. Alikiweka chetezo kwenye sinia, akakifunika, akaketi kitandani.

"Mimi namlinda. Tangu ulipoikimbia chai n'lijua. Ulificha, nami n'kakufichia. Kila ukenda kazini namfukizia, jicho lisimpate."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe uliniambia?"

Nikaketi karibu naye, nikamweleza habari za chembe, na damu, na kondo. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama niliyekuwa nikingoja kuulizwa. Namwona bado alivyokuwa akinisikiliza, mikono mapajani.

"Na sisi tuliofukizwa maisha yetu yote, mbona tuko?"

"Mlioko mko, mama. Ambao hawakufika hatuwezi kuwauliza."

Nililisema lile kwa ujuzi, nikaridhika nalo. Yeye akatazama mkeka.

"Kabla ya kumpata mumeo walin'toka wawili, wangali tumboni," alisema. "N'kasema ni jicho. Kwa huyu wa tatu n'kafukiza zaidi."

Nilitamani niyameze maneno yangu yote. Hakufukiza tena, wala hatukulizungumza tena. Alipika, akaswali, akakaa dirishani mchana kutwa akiangalia ule weupe wa nje. Nilikuwa na hofu ya mtoto wangu, sasa nikawa na hofu ya watoto wake pia, na hao ni mimi niliyewarudisha kwake kama kosa lake.

Wiki iliyofuata nilimwomba anisindikize kliniki. Chumba kilikuwa na giza la samawati, tukawa kama tuliokaa chini ya maji. Kwenye skrini kitu kidogo kama punje ya kunde kilikuwa kikimetameta. Muuguzi alisema ule ni moyo, na unapiga inavyotakiwa. Nilikuwa na maswali daftarini, ukurasa mzima. Mama mkwe, ambaye Kiingereza chake ni cha dukani tu, alinishika kifundo cha mguu.

"N'ulizie, mwanangu. Wale wangu wawili. Ni mimi?"

Nikauliza. Muuguzi alimtazama, akajibu taratibu: mara nyingi si kosa la mtu yeyote, moshi mwingi huweza kuchangia, lakini kwa mimba moja moja, hasa za zamani hivyo, hakuna awezaye kujua.

Mimi hutafsiri neno kwa neno. Wazee kazini wananicheka ninapowageuzia methali za kwetu hivyo.

"Amesema si wewe, mama," nikamwambia.

Alikitazama kile kitu kidogo kikimetameta, na mkono wake ukabaki mguuni pangu.