Konea Yangu na Filimbi Yangu

Nilianza kuchezesha mpira wa miguu Kasulu mara tu nilipomaliza chuo cha ualimu. Miaka yote ya mwanzo nilikimbia uwanjani na miwani minene iliyofungwa kisogoni kwa lastiki ya sketi. Lastiki ilikuwa wazo la mama. Mvua ikinyesha, nilikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya chupa. Watazamaji hawakuhitaji sababu nyingine ya kunizomea. Nikipuliza ofsaidi, eti sioni. Nisipopuliza, eti sioni.

Siku moja huko Heru Juu mpira ulinipiga usoni na miwani ikakatika katikati. Beki aliyeniokotea vipande aliniambia, tena bila ubaya wowote, "Dada, si ungekaa tu nyumbani?"

Nilimaliza mechi ile nimeshikilia kioo kimoja mbele ya jicho, filimbi mkono wa pili.

Hapo ndipo nilipoamua kufanyiwa upasuaji wa leza. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba leza inachonga jicho, mtu anavua miwani asiirudie tena. Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, na sijawahi kumwona akiogopa kitu, isipokuwa hospitali. "Oya, mwana wanje," alisema kwa Kirundi. "Hapana. Jicho likiharibika utalinunua wapi?" Nilimbusu, nikapanda basi la Mwanza.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alinikalisha mbele ya mashine yenye miduara inayowaka, kidevu juu ya kibao, akaniambia nitazame katikati nisipepese. Kwenye skrini jicho langu likatokea kama ramani: juu buluu na kijani, chini doa jekundu. Akanihamishia mashine nyingine, ambayo ilinipulizia hewa machoni ghafla hadi nikaruka. Kisha akanionyesha picha iliyopigwa wakati ule wa kupulizwa, akiipeleka polepole. Uso wa jicho langu ulibonyea ndani, ukabonyea zaidi, ndipo ukarudi.

"Huwa unasugua macho?" aliuliza.

"Kasulu kuna vumbi, daktari. Nani hasugui?"

"Acha. Kuanzia leo."

Akavuta kiti karibu. "Konea ni hiki kioo cha mbele ya jicho. Ya kwako ni nyembamba, na hapa penye wekundu imebinuka kuliko inavyotakiwa. Ile hewa nayo imenionyesha kwamba ni laini, haina nguvu ya kujishikilia. Leza inafanya kazi kwa kuipunguza unene. Nikiipunguza hii, presha ya ndani ya jicho itaisukuma itokeze mbele kama pembe, na ikifika hapo hata miwani haitakusaidia. Siwezi kukufanyia."

"Nimetoka Kasulu na basi," nilisema. "Pima tena."

Alipima tena, wala hakuonyesha kuudhika. Doa lilikuwa palepale.

"Nitakwenda kwingine."

"Ni haki yako. Ila ukimpata wa kukufanyia bila kukupima hivi, kimbia."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido nikalia, na kilichoniliza ni hasira. Niliuchukia ukweli wake, nikamchukia na yeye kwa kuusema taratibu namna ile. Nilipochoka kulia nikarudi, nikafungua mlango bila kubisha hodi.

"Umeniambia kisichowezekana. Sasa niambie kinachowezekana, maana uwanja siuachi."

Alinitazama, kisha akacheka kidogo. Kinachowezekana kilikuwa lenzi ngumu, vijikombe vidogo vya plastiki vinavyokaa juu ya konea na kulifanya jicho lione kana kwamba konea haina kasoro ya mbinuko. Wiki za kwanza zilikuwa mateso. Nilijifunza kuvivaa huku mama akigeukia ukutani asione.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Mwenyekiti wetu wa waamuzi aliniita, akaniandalia kiti na soda, nikajua kuna jambo.

"Tumesikia hata madaktari wamekukataa macho," alisema. "Sasa sisi tumeona ukae mezani, uwe unaandika wachezaji wa akiba. Ni heshima pia, mwalimu."

"Walikataa kunichonga, mzee. Hawakusema sioni. Nipimeni."

"Hakuna haja ya kufika huko."

"Ipo. Na tupimwe wote, si mimi peke yangu."

Hilo hakulitegemea, lakini wenzangu walikuwa wanasikiliza mlangoni, na kukataa kungeonekana vibaya. Tukaenda hospitalini Kasulu kusoma herufi za ukutani. Nilisoma hadi mstari wa chini kabisa, sauti juu, kama ninayesomea darasa. Washika vibendera wawili hawakutokea. Mmoja alisema ana msiba, wa pili mpaka leo hajasema kitu. Neno la meza halikurudi tena.

Mechi iliyofuata nilipangiwa Kibondo, wenyeji dhidi ya timu ya Kumsenga. Ilikuwa kiangazi na upepo ulikuwa unanyanyua vumbi la uwanja mzima. Dakika za mwisho beki wa wenyeji aliushika mpira ndani ya boksi. Nikapuliza penalti. Uwanja ukalipuka, na katika vumbi lile lile chembe ikaingia chini ya lenzi. Jicho likawaka moto. Vidole vilitaka kusugua, nikavizuia.

Nilisimamisha mchezo. Nikaenda pembeni kwenye begi langu, nikanawa mikono, nikaitoa lenzi, nikaiosha kwa dawa yake mbele ya watu waliokuwa wakinizomea kwa Kiha na Kiswahili. Nahodha wa wenyeji alinisogelea. "Refa, muda unakwenda!"

"Unakwenda kwenye saa yangu," nilimjibu. "Subiri."

Walisubiri wote. Nikaivaa, nikapepesa mpaka machozi yakakauka, nikaweka mpira kwenye alama. Kumsenga wakafunga. Baada ya mechi sikutoroshwa kwa nyuma; nilitokea geti kubwa, nikitembea.

Mwaka huu daktari ameona doa la jicho la kushoto limeongezeka. Anataka kuikaza konea kwa matone ya vitamini na mwanga maalumu, ili mbinuko uishie hapo. Itanibidi nipumzike kwa muda. Nimemwambia mwenyekiti aandike kwamba niko likizo, si kwamba nimeacha, na nilisimama pale mezani mpaka alipoandika.