Damu ya Miezi Minne

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisikia majani makavu ya migomba yakivunjika chini ya miguu ya mtu, na kwa kitambo sikumwona mwenye miguu. Ndivyo kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kilivyo: mgeni husikika kwanza, huonekana baadaye. Hatua zilikuja, zikasimama, zikaja tena, kama za mtu anayebishana na nafsi yake njiani. Kisha akatokea Kamugisha, rafiki yangu tangu tulipochunga mbuzi pamoja hapa Mabira, amefumba kiganja kama aliyekamata panzi.

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mkeka, likizo ya kidato cha tatu, nikichora seli. Mwalimu wetu wa biolojia alitaka turudi na michoro miwili, mmoja wa seli ya mmea, mwingine wa seli ya mnyama. Ile ya mmea niliichora kama chumba: nje ukuta mgumu, nyuma ya ukuta utando mwembamba, ndani ute ulioijaza seli, kiini kimesukumwa pembeni, katikati dimbwi kubwa la maji, na zile chembe za kijani zinazopika chakula kwa mwanga wa jua. Ile ya mnyama haikuwa na ukuta wala ukijani. Ilikuwa na kiini chake, ute wake na utando wake tu, laini, unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Mmea husimama ulipoota, umeshikiliwa na kuta zake. Mnyama, kwa kuwa ni utando mtupu, huinama, hukimbia, huhama.

Nilijiona nimekabidhiwa funguo za dunia. Wazee husema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nasema hata lenye maji robo huvuma vizuri tu.

Kamugisha alifumbua kiganja. Ndani mlikuwa na tunda moja la kahawa, jekundu, limeiva. Akaniambia kwamba Jumatatu anaondoka. Mjomba wake alikuwa amehamishia ng'ombe Biharamulo na alihitaji mtu wa kumsaidia. Lakini kabla ya kuondoka alitaka tuchanjiane.

Nikueleze, maana vijana wa leo huenda hamjayaona. Tunda la kahawa lina punje mbili zilizolaliana uso kwa uso. Zamani huku kwetu, marafiki wawili waliotaka kuwa ndugu walijichanja kidogo karibu na kitovu, kila mmoja akachovya punje katika damu yake, akampa mwenzake aimeze. Undugu huo tuliuita omukago. Tangu siku hiyo mama wa mmoja alikuwa mama wa wote wawili, na shida ya mmoja haikukataliwa mlangoni.

Kamugisha alikuwa mwana pekee wa kiume. Baba yake alishafariki, dada zake waliolewa mbali, na mama yake alitembea kwa fimbo tangu alipovunjika mguu. Safari ya Biharamulo asingeiweza.

"Nikienda, Mama hana mtu," alisema. "Jirani anaweza kuchoka. Ndugu hachoki."

Nami, badala ya kumtazama usoni, nilimjibu kwa somo. Nikamweleza kwamba damu inapata wekundu wake kutoka kwa chembe ndogo, za duara, zilizobonyea katikati. Kwamba chembe hizo, tofauti na seli nyingi za mwili, hazina kiini, na kisicho na kiini hakiwezi kujigawa wala kujitengeneza upya. Kwamba huishi kama miezi minne hivi, kisha mwili huzivunja. Ikiwa undugu wake uko ndani ya damu, nikasema, basi ni undugu wa miezi minne. Utaisha muda kama dawa ya zahanati. Tena hiyo ni damu iliyo kwenye mishipa. Hiyo ya kumeza tumbo litaisaga kabla ya kesho, kama nyama ya mbuzi.

Nilicheka. Kamugisha hakucheka. Aliutazama mchoro wangu kwa muda, akauliza kama hayo ndiyo tunayofundishwa huko. Nikasema ndiyo hayo.

"Basi soma, Mwalimu," akasema. Akatia lile tunda la kahawa kwenye mfuko wa shati, akarudi alikotoka. Majani yalilia chini ya miguu yake hadi ng'ambo ya kibanja.

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini huvunja mifupa ya watu.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa nyuma ya nyumba akifunga mkungu wa ndizi kwenye baiskeli, na alisikia yote. Hakupaza sauti. Aliniita nimsaidie kusukuma kupanda kilima, maana kila msimu tulimpelekea Mama Mkubwa ndizi, yule mjane aliyekaa upande wa pili. Tulipofika katikati ya kilima akaniomba nirudie yale niliyomwambia Kamugisha. Nikarudia, tena kwa furaha, nikidhani amependa.

Akauliza, zikishakufa hizo chembe, mwili unafanyaje. Nikamjibu unatengeneza nyingine, ndani ya uboho wa mifupa. Kila siku? Kila siku, Tata. Hata ukiwa umelala? Hata nikiwa nimelala. Tukasukuma mpaka kwenye mti wa mrumba ulioinamia njia, ndipo akasimama kupumua.

"Mume wa huyu tunayempelekea ndizi," akasema, "mimi na yeye tulizaliwa tumbo gani?"

Maisha yangu yote nilimjua yule mama kuwa mke wa kaka wa Tata. Sisi tulikuwa Walutheri, wao Wakatoliki. Wao wana mziro wao, mwiko wa ukoo, sisi wetu. Sikuwahi kujiuliza.

"Nilimeza damu yake kabla sijamwoa mama yako. Akafa kabla hujazaliwa. Kwa hesabu yako wewe msomi, damu ile imeshakufa mara ngapi?"

Tata akaushika tena usukani.

"Sasa huu mkungu unasukumwa na nini?"

Aliongeza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Wembe yeye hautaki. Kuna ugonjwa unaopita katika damu, alishazika vijana, na wembe wa watu wawili nyumbani kwake hautaingia. Lakini yule mtoto, akasema, hakuja kukuomba damu.

Tulipofika, Mama Mkubwa aliuzunguka mkungu, akaugonga kwa kidole, akasema ni mdogo kuliko wa msimu uliopita na kwamba Tata anazeeka vibaya. Tata akakubali. Njiani nikirudi niliwaza kwamba jirani hawezi kulalamika hivyo. Jirani hushukuru. Anayelalamika ni ndugu.

Aibu ilinichelewesha hadi asubuhi ile ya Jumatatu. Nilimkuta Kamugisha akifunga mfuko wake kwa kamba ya mgomba, mama yake ameketi kando ya jiko, fimbo imelala magotini. Nilimwamkia mama shikamoo, nikaitikiwa. Kisha nikamwambia rafiki yangu kwamba nimekuja kwa lile tunda, kama bado analo.

"Damu?" akauliza.

"Tata amekataa wembe."

"Afadhali. Miezi minne nayo si kitu." Ndipo akacheka, na mimi nikapata pumzi.

Lile tunda lilikuwa limeshaanza kukunjamana. Alilimenya kwa meno, akanipa punje moja, akabaki na moja. Tukatafuna. Kahawa mbichi ni ngumu na haina utamu wowote. Mama yake alitutazama mpaka tulipomeza.

Miaka imepita, mwanangu. Nilikuja kuwa mwalimu wa biolojia kweli, nikafundisha shule ya Ndama hadi kustaafu. Siku hizi wanafunzi hupita kwangu na kunionyesha kwenye simu seli ikigawanyika, na mimi hutazama kama mtu anayetazama picha ya kijiji chake. Kila mwisho wa mwezi nilirudi Mabira. Nilipalilia kibanja cha mama yule, nikaezeka nyumba yake, nikamkatia ng'ombe wake majani. Mguu ulipomzidia nilimpeleka hospitali kwa baiskeli, na uzeeni kwa bodaboda hadi Rubwera, nimemshika kiuno asidondoke. Alilalamika miaka yote: chumvi uliyoleta ina mchanga, bati umepigilia kombo, mke wako anapika ndizi zikiwa hazijakomaa. Alipofariki, Kamugisha alikuja, tukamzika katika kibanja chake. Waombolezaji waliuliza yupi kati yetu ni mkubwa.

Nimeyaeleza hayo si kwa kujisifu. Kuna jambo nilikuwa nikiwafundisha watoto kila mwaka, na kila mwaka lilinisimamisha kidogo ubaoni. Ndani ya shina la mbuni, mti wa kahawa, mna mirija inayopandisha maji kutoka mizizini hadi jani la juu kabisa. Mirija hiyo ni seli zilizokufa. Kiini kimeondoka, ute umeondoka, umebaki ukuta tu, na ndani ya ukuta ule mtupu maji hupita kwenda kwa walio hai. Kaka wa Tata sikumwona hata siku moja, lakini kwa sababu yake nilijua njia ya kile kilima.

Basi shika neno hili. Usipime kitu kwa kuuliza tu kimeumbwa kutokana na nini; uliza pia nani anakifanya upya. Mwili haudumu kwa sababu sehemu zake hazifi. Zinakufa kila siku, nao unazirudisha kila siku, bila ngoma. Ndoa iko hivyo, urafiki uko hivyo, na hata jina jema. Wahenga walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Jifunze kama mmea kuwa na ukuta wa kukusimamisha penye neno lako, na kama mnyama uwe na utando unaomruhusu mwenzako kuingia. Elimu uipate, uipende, nami nimeipenda maisha yangu yote. Lakini mtu akikujia na kiganja kimefumbwa, tazama kwanza kilichomo.

Nami baraka yangu si mpya. Nakupa ile tuliyopewa asubuhi ile, mama yule aliposimama kwa fimbo yake, akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha mwanawe na mwingine juu ya kichwa changu. Alisema, Mungu awakuze kama mgomba, shina likianguka chipukizi liwe limeshasimama. Mkono wenu usiwe mtupu, na mlango wenu usiwe mgumu. Tukaitika amina. Kamugisha akajitwika mfuko wake, akatoka bila kugeuka. Mimi nikabaki ndani na mama, nikafunga mlango kama mtoto wa nyumba ile.